Mguu wa Kundaeli

Gari lilikuwa na tabia.
Nasema tabia, sisemi ubovu:
kuanzia Mnara wa Saa lilikwenda kwa heshima, kama mtoto wa kipaimara,
lakini likishavuka Rau, barabara ikianza kupanda Uru,
lilishika gia ya pili likakataa kuiachia.
Mshale ukapanda elfu tatu, elfu tatu na nusu,
na migomba ya pande zote mbili ikatusikia kabla haijatuona.

Kundaeli ndiye aliyelifundisha.
Miaka tisa alikanyaga mafuta kama anayeua nyoka,
nami ubavuni pake nikikanyaga breki isiyokuwapo.
Zulia la upande wangu limechakaa mahali pa wayo.
Ushahidi wa ndoa.

Januari tulimlaza kihambani, mstari wa nne wa kahawa.
Machi gari likaanza kugutuka:
kutoka ya pili kwenda ya tatu, teke,
kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni.

Fundi Mrutu wa Pasua hakufungua hata boneti.
Alichomeka waya chini ya usukani,
akaiweka kompyuta juu ya ndoo ya grisi.
"Mama, hapa hakuna chuma kilichovunjika.
Kiwanda kimetoa toleo jipya la programu ya giaboksi.
Dakika arobaini. Umeme tu usikatike."

Mimi nilidhani dawa ya giaboksi ni mafuta mekundu na spana.
Nikakaa juu ya tairi, nikatazama ule mstari wa kijani
ukijaa taratibu kama ndoo chini ya bomba la mgao.
Maandishi ya watu nisiowajua
yanaingia ndani ya gari la mume wangu.
Wameijulia wapi kona ya kwa Mangowi,
pale maji ya mfongo yanapovuka lami bila kuomba ruhusa?

Saa tisa nikaondoka.
Laini! Laini kama mtori wa mzazi.
Ya tatu iliingia sikuisikia, ya nne sikuijua.
Hata mlimani gari lilipandisha gia mapema, kwa adabu,
likinibania mafuta,
likafika katikati likaishiwa pumzi.
Likafikiri.
Likashusha gia.
Likafikiri tena.
Bodaboda yenye magunia mawili ya mkaa ikanipita.

Nikampigia Mrutu.
"Kawaida hiyo, mama. Giaboksi hizi hujifunza mguu wa dereva,
zinaweka kumbukumbu. Toleo jipya likiingia, kumbukumbu za zamani zinafutika.
Wewe endesha tu, litakuzoea."
"Zinafutika zote?"
"Zote."
Halafu: "Haloo? Mama? Upo?"

Nguo zake niligawa kwa mkono wangu.
Koti alichukua Ndetaramo, viatu havikumtosha mtu.
Sikujua kuwa kimebaki kitu kingine:
namna yake ya kukanyaga,
imehifadhiwa kwa tarakimu, gizani, chini ya kiti nilichokalia,
na nimelipa elfu themanini ifutwe.
Risiti ninayo.

Hii ni wiki ya sita.
Tunazoeana, kama mama mkwe na mkaza mwana,
kila mmoja akisubiri mwenzake akosee.
Nikibembeleza, linalala. Nikikemea, linaruka.
Siku nyingine nalizima kwenye mteremko wa kanisa
nakaa tu.

Jana mvua. Kona ya kwa Mangowi,
matope ya mfongo yametanda juu ya lami,
gari likashika gia ya pili
likakataa kuiachia.
Elfu tatu.
Elfu tatu na nusu.

Nikainama kidogo nichungulie.
Mguu wa kulia ulikuwa wangu, kiatu cheusi cha kanisani,
umezama kwenye mafuta kama unaua nyoka.
Na wa kushoto, ule usio na kazi katika gari otomatiki,
ulikuwa umekaza sakafuni, peke yake,
unakanyaga breki isiyokuwapo.